Mwongozo kamili kwa wauguzi: kumtambua, kumchunguza na kumtibu mtoto mwenye ADHD

Mtoto anayeletwa kliniki kwa sababu hatulii huwa ameshabandikwa majina mengi kabla hajafika mbele ya muuguzi: mtundu, mkaidi, mvivu, asiyesikia la mkuu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muuguzi anayempokea mtoto huyo, awe katika kituo kidogo kisicho na daktari wa watoto au katika hospitali yenye kliniki ya afya ya akili, na unafuata mpangilio wa kazi yenyewe tangu siku ya kwanza hadi ufuatiliaji wa miaka. Nimekaa zaidi kwenye historia na ufuatiliaji kuliko kwenye dawa, kwa sababu sehemu hizo mbili ziko mikononi mwa muuguzi, na ndizo zinazoharibika kwanza pale foleni inapokuwa ndefu.

Hali yenyewe

ADHD (kifupi cha jina la Kiingereza attention-deficit/hyperactivity disorder) ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kumfanya mtoto apungukiwe na umakini, awe na utukutu uliopita kiasi cha umri wake, atende kwa papara, au awe na mchanganyiko wa mambo hayo. Tafiti zilizokusanywa kutoka sehemu nyingi za dunia zinaonyesha kwamba inawapata takriban asilimia 5 ya watoto, maana yake darasa la watoto 40 huenda lina wawili. Daktari wa watoto George Still aliwaeleza watoto wa namna hii katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1902, kwa hiyo wanaodai kwamba ni maradhi yaliyoletwa na simu za mkononi wamechelewa kwa zaidi ya miaka 100.

Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi una nguvu kubwa sana, kwa kiwango cha asilimia 70 hadi 80, na ndiyo maana si ajabu baba akisikia dalili zikisomwa aseme taratibu kwamba hata yeye alikuwa hivyo. Kuzaliwa njiti, kuzaliwa na uzito mdogo, sumu ya madini ya risasi, na tumbaku au pombe wakati wa ujauzito navyo vinahusishwa na hali hii. Sukari haiisababishi. Malezi legelege pia hayaisababishi, ingawa nyumba yenye vurugu na isiyo na ratiba humzidishia mtoto dalili alizonazo tayari, na mzazi anapaswa kuyasikia mambo haya mawili kwa pamoja ili asijilaumu wala asikae akingoja dawa peke yake ifanye kazi.

Kuna sura tatu za ADHD: ile ambayo upungufu wa umakini ndio uliotawala, ile ambayo utukutu na papara ndivyo vilivyotawala, na ile ya mchanganyiko. Wavulana hutambuliwa mara nyingi zaidi kuliko wasichana, na sehemu ya tofauti hiyo inatokana na macho yetu wenyewe. Mvulana anayepanda juu ya dawati huletwa kliniki ndani ya wiki, wakati msichana aliyekaa kimya kando ya dirisha, asiyemsumbua mtu na asiyemaliza zoezi lolote, hupandishwa darasa mwaka baada ya mwaka akiitwa mzito wa kuelewa.

Jambo moja huwachanganya wazazi kila siku: mtoto huyu asiyeweza kukaa na kitabu kwa dakika tano anaweza kutazama katuni au kucheza mchezo wa kompyuta saa nzima bila kupepesa. Mzazi huhitimisha kwamba akitaka anaweza, kwa hiyo hataki. Mweleze kwamba tatizo liko kwenye uwezo wa ubongo kuuelekeza umakini pale jambo linapokuwa halina mvuto wala malipo ya papo hapo. Katuni hushikilia umakini wa mtoto kutoka nje, lakini zoezi la hesabu humtaka aushikilie mwenyewe.

Hatua ya kwanza: zijue dalili na vigezo vyake

Kitabu cha vigezo cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, DSM-5 cha mwaka 2013, kina orodha mbili za dalili tisa tisa. Katika upungufu wa umakini, mtoto hufanya makosa ya kutoangalia, hadumu kwenye kazi au mchezo, huonekana hasikii hata anaposemeshwa ana kwa ana, huanza kazi asiimalize, hushindwa kupanga mambo yake, hukwepa kazi zinazohitaji kufikiri kwa muda mrefu, hupoteza vitu, huvutwa na kila kinachopita, na husahau shughuli za kila siku. Katika utukutu na papara, huchezesha mikono na miguu, huinuka wakati anapotakiwa kukaa, hukimbia na kuparamia mahali pasipofaa, hawezi kucheza kwa utulivu, huenda kama anayesukumwa na injini, huongea kupita kiasi, hujibu kabla swali halijaisha, hawezi kungoja zamu yake, na hudakia mazungumzo au michezo ya wenzake.

Kuwa na dalili peke yake hakutoshi. Mtoto wa hadi miaka 16 anatakiwa awe na dalili sita au zaidi katika angalau orodha moja, na kijana wa miaka 17 au zaidi awe na tano. Dalili ziwe zimedumu kwa angalau miezi sita. Baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kama vile nyumbani na shuleni. Zimharibie masomo, urafiki au maisha ya nyumbani. Na zisiwe zinaelezeka vizuri zaidi kwa tatizo jingine. Wauguzi waliosoma kabla ya mwaka 2013 watakumbuka kwamba kigezo cha umri kilikuwa miaka saba. Kilibadilishwa, na mabadiliko hayo yanawasaidia hasa watoto wasio na utukutu, ambao shida yao hujitokeza pale masomo yanapokuwa magumu.

Umri una mtego mwingine. Mtoto wa miaka minne kwa kawaida ni mtu wa kurukaruka, na ndani ya darasa moja mtoto mdogo kuliko wote anaweza kupungukiwa karibu mwaka mzima na mwenzake mkubwa. Katika nchi mbalimbali imeonekana kwamba watoto wadogo kuliko wote darasani hupewa jina la ADHD mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kabla ya kuandika chochote, angalia tarehe ya kuzaliwa, ulinganishe na umri wa wanafunzi wenzake.

Hatua ya pili: kusanya historia

Hakuna kipimo cha damu, picha ya ubongo wala mashine inayothibitisha ADHD. Utambuzi hutegemea maelezo, na maelezo yanakuwa bora au mabaya kulingana na jinsi yalivyoulizwa. Usianze na orodha ya dalili, kwa maana mzazi aliyechoka atajibu ndiyo kwa zote. Anza na siku moja.

"Mama, nieleze asubuhi ya jana, tangu alipoamka mpaka mlipotoka nyumbani."

"Jana? Nilimwambia avae soksi, nikaenda jikoni. Niliporudi nimemkuta amekaa na soksi moja mguuni, ya pili kaishika anavuta uzi wake. Nikamwambia tena. Nikarudi, viatu hajavaa, yuko dirishani anamwita paka."

"Hali hiyo hutokea mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku, nesi. Mdogo wake wa miaka mitano anavaa mwenyewe, huyu wa tisa mimi ndiye namvisha."

Katika sentensi hizo chache umeshapata mengi: kazi isiyomalizika, umakini unaovutwa na kitu kidogo, dalili zinazojirudia kila siku, na kipimo cha ulinganisho kutoka ndani ya familia hiyohiyo. Endelea hivyohivyo kwa chakula cha jioni, kazi za shule, michezo na wakati wa kulala, kisha uliza mambo manne kwa kila dalili unayoisikia: ilianza lini, hutokea mara ngapi, hutokea wapi, na imemletea hasara gani. Uliza pia kuhusu majeraha, kwa sababu watoto hawa huungua, huvunjika na kugongwa zaidi kuliko wenzao.

Historia ya afya ifuate baadaye: ujauzito na uzazi, uzito wa kuzaliwa, hatua za ukuaji, degedege, homa kali ya ubongo au malaria kali, kuumia kichwa, dawa anazotumia, usingizi wake na kama anakoroma. Kwa upande wa familia, uliza kuhusu ADHD, kifafa, matatizo ya akili, na hasa kama kuna ndugu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, maana jibu hilo litahitajika dawa zitakapozungumzwa. Pata dakika chache za kuongea na mtoto peke yake. Muulize anapenda nini, nani rafiki yake, nini humtokea akikosea nyumbani, na kama kuna kitu kinachomtisha. Mtoto anayeishi na kipigo huwa hatulii na hana umakini, na jina la ADHD linaweza kukificha kipigo hicho kwa miaka.

Mwalimu ndiye shahidi wa pili, na bila yeye kigezo cha mazingira mawili hakitimii. Mpe mzazi dodoso la kumpelekea, au uombe ruhusa ya maandishi ya kuzungumza na mwalimu mwenyewe. Pia mwambie mzazi alete madaftari ya mtoto siku ya miadi. Daftari halijui kutia chumvi. Litazame ukurasa kwa ukurasa: mara nyingi utaona mistari miwili ya juu ina mwandiko mzuri na majibu sahihi, halafu mwandiko unaanza kulegea, alama za kujumlisha zinasomwa kama za kutoa, sentensi inakatika katikati, na upande wa pili wa karatasi umesahauliwa kabisa. Mtoto ambaye haelewi somo, kwa kawaida hukosea tangu mstari wa kwanza. Tofauti hii haithibitishi chochote peke yake, lakini inakuonyesha mahali pa kuuliza zaidi.

Madodoso ya tathmini hupanga maelezo haya kwa namba. Dodoso la Vanderbilt hutumika zaidi kwa watoto wa miaka 6 hadi 12 na lina nakala ya mzazi na ya mwalimu. Kila dalili hupewa alama 0 hadi 3, na dalili huhesabiwa kuwapo pale ilipopata 2 au 3. Sita kati ya tisa katika kundi moja, pamoja na alama mbaya kwenye maswali ya maendeleo ya masomo au mahusiano, ni ishara ya kuendelea na uchunguzi. Madodoso ya Conners na SNAP-IV hutumika kwa lengo hilohilo. Mzazi asiyesoma asomewe neno kwa neno bila kuongezewa mifano inayomwelekeza kwenye jibu. Mzazi na mwalimu wakipishana sana, usichukue wastani. Tafuta sababu, kwa maana huenda tatizo liko shuleni tu, kama vile kuonewa na wenzake au kushindwa kusoma, au liko nyumbani tu.

Kuhusu unachokiona chumbani kwako, kiandike lakini usikiamini kupita kiasi. Chumba kigeni, mtu mwenye sare na hofu ya sindano humtuliza hata mtoto mwenye ADHD kali kwa dakika 20. Sentensi ya "mbona hapa ametulia vizuri" imewarudisha nyumbani watoto wengi waliohitaji msaada.

Hatua ya tatu: tafuta kinachofanana nayo

Anza na masikio na macho. Mtoto mwenye usaha masikioni au usikivu hafifu hafuati maagizo na huonekana hasikii kwa sababu kweli hasikii. Mtoto asiyeona ubao huinuka kila mara kwenda kumchungulia mwenzake. Pima vyote viwili kwa kila mtoto, bila kusubiri malalamiko.

Usingizi ndio unaosahaulika zaidi. Mtoto anayekoroma, anayepumua kwa mdomo na kukatishwa usingizi na tonsili kubwa haonekani amechoka kama mtu mzima. Yeye huwa mkorofi na mwenye kuhangaika mchana. Upungufu wa damu humfanya azubae, tezi ya thairoidi iliyozidi kazi humfanya ahangaike, na sumu ya risasi huharibu umakini. Vipimo vya damu hufanywa pale historia au mwili unapoelekeza huko. Kagua dawa pia: fenobabitali ya kifafa inajulikana kwa kuleta utukutu kwa watoto, na salbutamoli ya pumu inaweza kumtia mtoto wahaka kwa muda.

Kifafa cha kuzubaa kinahitaji uangalifu wake. Mtoto mwenye ADHD anayeota mchana huamka ukimgusa bega au ukiita jina lake. Mwenye kifafa cha kuzubaa hukatika ghafla katikati ya neno kwa sekunde chache, macho yametulia au kope zinapepesa, haamki kwa kuguswa, halafu anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kumwambia mtoto apulize karatasi kwa nguvu na kwa mfululizo kwa muda wa dakika tatu mara nyingi huliamsha tukio hilo mbele yako. Usifanye hivyo kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au pumu kali.

Kisha kuna matatizo ya akili na ukuaji: ulemavu wa akili, ugumu mahususi wa kusoma au kuhesabu, usonji, wasiwasi, sonona, na athari za msiba au ukatili. Ugumu wake ni kwamba mengi kati ya hayo hukaa pamoja na ADHD, na zaidi ya nusu ya watoto wenye ADHD wana angalau tatizo jingine moja. Kwa hiyo kupata ugumu wa kusoma hakufuti ADHD, na kupata ADHD hakukuruhusu kuacha kutafuta.

Mwisho wa hatua hii pima uzito na urefu uviweke kwenye chati ya ukuaji, hesabu mapigo ya moyo, pima shinikizo la damu kwa mkanda unaoenea mkono wa mtoto, sikiliza moyo, na utazame sura, ngozi na mishipa ya fahamu. Mtoto aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, mwenye degedege mpya, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, dalili za kudhulumiwa, au mazungumzo ya kujidhuru hasubiri mlolongo huu. Apewe rufaa siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: kuthibitisha na kumweleza mzazi

Uthibitisho hufanywa na daktari au mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo, lakini ubora wake hutegemea barua ya rufaa. Barua nzuri haiandikwi "mtoto mtukutu, tafadhali mwone." Inataja umri, dalili kwa mifano, muda wake, maeneo zinapoonekana, madhara yake, alama za dodoso la mzazi na la mwalimu, majibu ya macho na masikio, vipimo vya mwili, na yale uliyoyatafuta ukayakosa.

Siku ya kutoa majibu, wazazi wote wawili wakiweza kuwapo ni vizuri, pamoja na bibi au mlezi mwingine anayekaa na mtoto mchana, kwani ndiye atakayetekeleza mengi. Sema kwa maneno ya kawaida kwamba ubongo wa mtoto unachelewa kukomaa katika sehemu ya kujizuia na kujipanga, kwamba akili yake haijapungua kwa sababu hiyo, na kwamba kuna mambo ya kufanya kuanzia leo. Kisha mgeukie mtoto umwambie jambo hilohilo kwa lugha yake, kwa sababu amekuwa akisikia akizungumziwa kwa muda mrefu bila kusemeshwa.

Hatua ya tano: tiba

Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, mafunzo ya wazazi ya kusimamia tabia ndiyo tiba ya kwanza, na dawa hufikiriwa tu na mtaalamu pale mafunzo yaliposhindwa na hali ikabaki mbaya. Kwa mtoto wa miaka sita na kuendelea, mafunzo hayo, marekebisho ya shuleni na dawa hupangwa pamoja kulingana na uzito wa tatizo.

Mafunzo ya wazazi yanaweza kuanzia kwenye kiti chako. Mfundishe mzazi amsogelee mtoto, amtazame, ataje jina lake, atoe agizo moja fupi, kisha asubiri. "Vaa soksi" ni agizo moja. "Jiandae haraka tunachelewa" ni maagizo saba yaliyofichwa ndani ya moja. Sifa itolewe papo hapo na itaje kitendo: "umevaa soksi zote mbili bila kukumbushwa." Nyota au alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani hufanya kazi kama malipo ni madogo, ya siku hiyohiyo, na kama lengo ni moja au mawili. Kosa dogo lisilo na hatari lipuuzwe, na kosa kubwa liwe na matokeo yaleyale kila mara, mafupi, bila hotuba. Mwonye mzazi mapema kwamba akianza kupuuza kelele, kelele zitapanda kwa siku kadhaa kabla ya kushuka. Asiyeambiwa hivyo huacha siku ya tatu. Kumpiga mtoto hakurekebishi ubongo usiojizuia, na humfundisha kuficha makosa.

Shuleni, omba mambo machache yanayowezekana: akae mbele na mbali na mlango, kazi ndefu igawanywe vipande, apewe sababu halali ya kuinuka, kama kugawa madaftari au kufuta ubao, aongezewe muda kwenye mtihani, na mwalimu ahakikishe kazi ya nyumbani imeandikwa kabla ya kengele. Usingizi wa saa maalumu na michezo ya kila siku vina faida. Kumkatisha mtoto vyakula vya aina nyingi kwa kubahatisha hakushauriwi, hasa kwa mtoto ambaye huenda baadaye atapungukiwa na hamu ya kula kwa sababu ya dawa.

Dawa za kuchangamsha mfumo wa fahamu ndizo zenye ushahidi mkubwa zaidi. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Marekani alieleza jinsi watoto wenye matatizo ya tabia walivyotulia na kusoma vizuri baada ya kupewa amfetamini, jambo ambalo bado huwashangaza wazazi: dawa ya kuchangamsha inamtulizaje mtoto asiyetulia? Jibu fupi ni kwamba huongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, katika sehemu za ubongo zinazohusika na kujizuia. Inayotumika zaidi ni methilfenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin.

Kabla ya dozi ya kwanza, rudia maswali ya moyo: kuzirai wakati wa mazoezi, maumivu ya kifua, mapigo yanayoruka, kifo cha ghafla katika familia. Jibu moja la ndiyo, au sauti isiyo ya kawaida ya moyo, humpeleka mtoto kwa mtaalamu wa moyo kwanza. Wasio na dalili hizo hawahitaji kipimo cha umeme wa moyo kama utaratibu wa kawaida. Presha ya jicho, tezi ya thairoidi iliyozidi kazi na matumizi ya dawa za sonona za kundi la vizuizi vya monoamini oksidesi ndani ya siku 14 ni sababu za kutoanza.

Vidonge vya muda mfupi vya methilfenideti kwa kawaida huanzwa kwa miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, asubuhi na mchana, na daktari huongeza miligramu 5 hadi 10 kwa siku kila wiki mpaka faida ionekane bila madhara yasiyovumilika, bila kuvuka miligramu 60 kwa siku. Kazi yake huanza ndani ya saa moja na huisha baada ya saa tatu hadi nne, kwa hiyo dozi ya jioni humnyima mtoto usingizi. Zile za muda mrefu hufanya kazi kwa saa nane hadi 12, na vidonge vyake havisagwi wala havitafunwi. Dawa hizi ziko chini ya udhibiti wa kisheria katika nchi nyingi: zihesabiwe, zifungiwe, na mzazi ndiye azitoe.

Pale dawa hizo zinaposhindikana, daktari huweza kuchagua atomoksetini, inayoanzwa kwa takriban miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku na kupandishwa hadi 1.2 kwa watoto walio chini ya kilo 70. Mweleze mzazi kwamba itachukua wiki kadhaa kabla ya matokeo kamili kuonekana, la sivyo ataiacha wiki ya pili. Fuatilia mawazo ya kujidhuru, na umanjano wa macho au mkojo mweusi, ambavyo ni ishara za ini. Dawa nyingine mbadala, guanfasini na klonidini, huleta usingizi na kushusha presha, nazo haziachwi ghafla kwa sababu presha inaweza kupanda kwa kasi.

Hatua ya sita: ufuatiliaji

Utafiti mkubwa wa Marekani unaojulikana kama MTA, uliochapishwa mwaka 1999 ukiwa na watoto 579 wa miaka saba hadi tisa, una somo ambalo wauguzi wanapaswa kulijua. Watoto waliopewa dawa na watafiti, wakapandishiwa dozi kwa uangalifu na kuonwa kila mwezi, walipata nafuu kubwa ya dalili kuliko waliotibiwa katika huduma za kawaida za jamii, ilhali wengi wa hawa wa mwisho nao walikuwa wakitumia dawa za aina hiyohiyo. Waliotangulia walipata dozi za kutosha, na kulikuwa na mtu aliyewauliza maswali kila mwezi.

Wakati dozi inapandishwa, wasiliana na familia kila wiki, hata kwa simu, na uombe maoni ya mwalimu kabla ya kila ongezeko. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipimwe kabla na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila baada ya miezi sita. Uzito upimwe kila baada ya miezi mitatu kwa watoto wa miaka 10 au chini ya hapo. Kwa wakubwa zaidi, baada ya miezi mitatu na sita ya mwanzo kisha kila miezi sita. Urefu ni kila miezi sita kwa wote. Andika kwenye chati, usiandike namba tupu, kwa sababu mtoto anayevuka mistari ya chati kuelekea chini huonekana kwenye mchoro kabla hajaonekana kwa macho.

Hamu ya kula ikipungua, mtoto ashibe kabla au wakati wa dozi ya asubuhi na apate chakula cha maana jioni dawa inapokuwa imeisha. Usingizi ukiharibika, uliza kwanza saa ya dozi ya mwisho. Mzazi akisema mtoto amekuwa mkimya, hacheki, amekaa kama sanamu, hayo si mafanikio. Mara nyingi ni dozi iliyozidi, na daktari ajulishwe. Akisema mtoto analia na kukasirika saa za jioni tu, huenda ni wakati dawa inapokatika mwilini, na suluhisho lake ni kurekebisha muda wa dozi. Mikazo ya uso au sauti zinazojirudia iandikwe na ifuatiliwe. Kusikia sauti zisizokuwapo, kuzirai, maumivu ya kifua, au kwa mvulana kusimama kwa uume kwa maumivu na kwa muda mrefu, humfanya asitishe dawa na kuonwa haraka.

Angalau mara moja kwa mwaka, daktari, mzazi na mtoto mwenyewe wapitie kama dawa bado inahitajika, ikiwezekana kwa kipindi cha kuiacha kwa mpango wakati ambao si wa mitihani. Kwa kijana, uliza faraghani kama anaimeza kweli na kama wenzake wamewahi kumwomba vidonge. Wengi hubaki na dalili hadi utu uzima, kwa hiyo barua ya kumhamishia kliniki ya watu wazima iandaliwe miezi kadhaa kabla ya kutimiza umri huo, ikiwa na historia ya dozi zote alizotumia, zilizomfaa na zilizomshinda, na chati yake ya ukuaji ikiwa imeambatishwa nyuma.